Mnyama kapigwa, hakuanguka: kutafuta kosa la risasi ya masafa marefu

Mlio umesikika, watatu kati yenu mmeona vumbi likiruka ubavuni, na mnyama bado amekwenda. Hapo ndipo lawama huanza. Mmoja atasema bunduki ni ndogo, mwingine atasema darubini imecheza, mwenye bunduki atasema pakiti hii ya risasi ni mbovu. Nimeshughulikia bunduki za wawindaji wanaopita Tanga kwenda Handeni, Kilindi na mbele zaidi hadi tambarare za Simanjiro, na mara nyingi risasi niliyoletewa kwa malalamiko haikuwa na ubovu wowote. Ilichaguliwa kwa kasi inayotoka nayo mtutuni, wakati kazi yake yote inaifanya kwa kasi inayofika nayo kwa mnyama. Kasi hizo mbili zikichanganywa, dalili kubwa utakazozisoma hapa hutokea.

Tuelewane maneno kwanza. Risasi watu huita kitu kizima kinachoingia chemba. Hapa nikisema kichwa, nina maana ya kile kinachoruka. Ganda ni kile kinachobaki. Kichwa cha kawaida kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba. Kikiingia mwilini kinatakiwa kichanue kama uyoga, kipanuke na kuendelea kwenda. Kisipochanua kinapita kama msumari. Kikichanua kupita kiasi kinavunjikia mlangoni. Uzito nitautaja kwa greni, kama pakiti zinavyoandika. Greni 180 ni kama gramu 11.7.

Kabla ya kulaumu chochote, nendeni pale mnyama aliposimama

Mwindaji asipoona mnyama ameanguka hukimbilia kupakia tena na kubishana. Mwache mmoja abaki pale mlipopigia, akiwa anaona sehemu ile ile, awaelekeze wengine kwa mkono. Mkifika, msikanyage ovyo. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni ya mapafu: mnyama huyo hayuko mbali, na risasi yako imefanya kazi. Damu nzito yenye weusi huwa ya ini. Majani yaliyotafunwa, majimaji ya kijani na harufu ni tumbo, na hapo hakuna kichwa duniani ambacho kingekusaidia. Vipande vya mfupa na damu chache inayokatika mapema mara nyingi ni mguu, au bega la juujuu.

Natilia mkazo hatua hii kwa sababu nimeona watu wakibadili aina ya risasi mara mbili ndani ya msimu mmoja, na tatizo lilikuwa kidole kwenye kifyatulio. Dalili zifuatazo zina maana pale tu mnapokuwa na hakika kwamba mnyama alipigwa panapostahili, nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya mwili.

Dalili: tundu dogo kuingia, tundu dogo kutokea, na safari ndefu

Hii ndiyo dalili kubwa ya masafa marefu. Mnyama amepigwa mapafuni kweli, lakini anakwenda kilomita nzima au zaidi. Ukimpata na kumchuna, njia ya risasi ndani ya mapafu ni nyembamba kama kidole. Kichwa hakikuchanua.

Chanzo cha kwanza ni kasi iliyokwisha. Chukua .30-06, aina ya risasi iliyozaliwa mwaka 1906, na bunduki yake bado utaikuta kambi nyingi. Kichwa cha greni 180 kinatoka mdomoni kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Kwenye mita 300 kimebakiwa na kama 620. Kwenye mita 400, kama 560. Sasa linganisha na kile ambacho kichwa chenyewe kinahitaji. Vichwa vingi vya kiini na koti la kawaida vinaanza kusuasua chini ya mita 550 kwa sekunde. Vya shaba tupu, visivyo na kiini cha risasi, kwa kawaida vinataka kama mita 610 ndipo vichanue vizuri, ingawa vipo vilivyotengenezwa kuchanua kwa kasi ndogo zaidi. Kwa hiyo kichwa kile kile cha shaba kilichomlaza pofu (swala mkubwa) mita 120 mwezi uliopita kinaweza kupita mbavuni mwa swala kwenye mita 380 bila kufunguka hata kidogo.

Watengenezaji wengi hutangaza kasi ya chini ambayo kichwa chao kinachanua. Itafute namba hiyo, kisha tazama jedwali la kasi la risasi hiyo, uone ni mita ngapi kasi inashuka hadi hapo. Umbali huo ndio mwisho wako, hata kama unaweza kupiga kopo la maziwa ukiwa mbali mara mbili yake. Mimi huwaambia wageni wapunguze mita 50 nyingine, kwa kuwa jedwali limetengenezwa kwa mtutu wa maabara, ambao mara nyingi ni mrefu kuliko wa kwao.

Chanzo cha pili ni kichwa cha mashindano. Vina tundu dogo nchani na vinapiga kundi dogo la kupendeza kwenye karatasi, kwa hiyo mtu anashawishika. Tundu lile halikuwekwa ili kichwa kichanue. Limebaki kutokana na namna koti linavyofinywa kiwandani. Kampuni ya Sierra, inayotengeneza vichwa vya mashindano vya MatchKing, yenyewe haishauri kuviwindia. Mara kimoja kitapasuka vipande, mara kingine kitapita kama sindano, na huwezi kujua ni siku ipi utapata kipi.

Hili limenipata. Tulikuwa Simanjiro na mgeni mwenye bunduki ya .300 Winchester Magnum nzuri sana, vichwa vya mashindano, na kwenye karatasi aliweka matundu matatu yanayofunikwa na sarafu. Nikaridhika, nikapitisha. Choroa dume, swala mkubwa wa pembe ndefu, alisimama ubavu, kipimo cha leza kikasoma mita 385. Alipigwa vizuri, nilimwona akijikunja. Tulimfuata kuanzia saa nne asubuhi. Damu ilikuwa tone moja kila hatua kumi, halafu kila hatua thelathini, halafu ikabaki nyayo tu kwenye ardhi ngumu. Giza likatukuta. Asubuhi tulimkuta fisi wameshamaliza, pembe zimebaki, na kwenye kipande cha ngozi ya ubavu kilichoachwa palikuwa na tundu la kutokea ambalo kidole changu cha mwisho hakikupenya. Choroa ni mnyama wa kilo mia na sitini hadi mia mbili, mgumu, na alikufa usiku kucha. Tangu siku ile sipitishi bunduki kwa kuangalia karatasi peke yake.

Chanzo cha tatu kinasahaulika: kichwa kigumu kuliko mnyama. Mtu ana leseni ya nyati na ya swala pala, anabeba risasi za aina moja. Kichwa kilichojengwa kuvunja bega la nyati hakikutani na upinzani wowote katika mbavu za swala wa kilo hamsini. Kimeshatoka kabla hakijaanza kufunguka.

Tiba: kwa tambarare za wazi, chagua kichwa kilichoundwa kwa kuwindia masafa, chenye ncha ya plastiki inayosukuma mdomo ufunguke, kiini kikiwa kimeshikizwa na koti. Kiwe chembamba mbele na chenye mkia uliochongoka, maana umbo hilo hupasua hewa vizuri na kuitunza kasi. Kuhusu ncha hizo kuna jambo la kujua: mwaka 2015 kampuni ya Hornady walitoa aina mpya baada ya rada kuwaonyesha kuwa ncha za plastiki za zamani zililainika kwa joto la hewa zikiwa angani, na kichwa kikapoteza umbo lake. Risasi za zamani zenye ncha ya plastiki si mbaya hata kidogo kwa mita 200. Kwa 400, namba zilizoandikwa kwenye pakiti yake zinaweza kukudanganya.

Dalili: jeraha pana la kutisha juu ya bega, na ndani hamna kitu

Huu ni ugonjwa wa upande wa pili, na huwapata hasa wale waliojiandaa kwa masafa. Umenunua kichwa laini kinachochanua hata mita 450. Asubuhi ya kwanza, pori la Handeni, mnyama anatoka kichakani mita 40. Kutoka .300 Winchester Magnum kichwa kile kinafika kwa karibu mita 880 kwa sekunde, kinagonga mfupa wa bega, kinalipuka. Ngozi imechanika, nyama imesagika, mfupa umepasuka, lakini hakuna kipande kilichofika mapafuni. Mnyama anaondoka kwa miguu mitatu.

Ugonjwa huu una historia. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa Kanada akiwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, aliyepakaa tope lililokauka mwilini. Vichwa vyake vya kasi kubwa vilivunjikia juu juu. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kuanzia 1948 aliviuza kwa jina la Partition, na hadi leo vinauzwa. Kwa maoni yangu, kwa mtu atakayewinda pori la Tanga na tambarare kwa safari moja, ujenzi wa namna hiyo, au wa kiini kilichoshikizwa na koti, ndio wenye makosa machache. Hautakuwa bingwa wa mita 450. Lakini kati ya mita 30 na 300 hautakuangusha, na humo ndimo wanyama wengi hupigwa.

Kuna tiba isiyogharimu kitu: ukiwa karibu na una kichwa laini, usilenge mfupa. Subiri mnyama ageuze ubavu, mpige nyuma ya bega.

Dalili: matundu mapana kwenye karatasi, au tundu la mshazari

Ukiona tundu lililochanika kwa urefu, kama kichwa kimeingia kwa ubavu, acha kupiga. Kichwa hakizunguki vya kutosha, kinayumba hewani. Mtutu una mifuo iliyosokotwa, na pakiti au kitabu cha bunduki kitakwambia mzunguko mmoja unakamilika kwa inchi ngapi. Vichwa virefu vinataka msokoto wa kasi zaidi. Kinachowapata wengi ni shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, uzani wake ni kama 9 kwa 11 kwa ujazo ule ule, hivyo kichwa cha shaba cha greni 180 ni kirefu kuliko cha kawaida cha greni 180. Mtutu wa zamani wa .308 wenye msokoto wa inchi 12 unaweza kukirusha cha kawaida vizuri na kukikataa cha shaba, ingawa pakiti zote zimeandikwa uzito mmoja.

Tiba ni kushuka uzito unapohamia shaba: aliyezoea 180 achukue 165 au 150. Hapotezi kitu, kwa kuwa kichwa cha shaba kwa kawaida hubaki karibu na uzito wake wote baada ya kumpiga mnyama, na chepesi kinakwenda kasi zaidi, jambo ambalo shaba inalihitaji.

Kama matundu ni ya mviringo ila yametawanyika, kaza kwanza skrubu za darubini. Kisha safisha mtutu hadi kitambaa kisitoke na rangi ya kijani ya shaba. Aina moja ya kichwa juu ya mabaki ya aina nyingine huchukua risasi kadhaa kabla haijatulia.

Dalili: Tanga ilipiga katikati, kule inapiga juu

Watu wengi hukimbilia kusema ni mwinuko. Ni kweli hewa ya Simanjiro, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Tanga, na kichwa huanguka kidogo zaidi huku pwani. Lakini kwa mita 300 tofauti hiyo ni sentimita chache. Ikiwa unapiga juu kwa shubiri, mwinuko umesingiziwa.

Tazama barabara kwanza. Kutoka Korogwe kupanda Handeni na kuendelea, bunduki iliyolala chini ya gari bila godoro imepigwa mitikisiko mingi. Piga risasi mbili kwenye karatasi ukifika kambini, kila safari, hata kama mgeni ana haraka.

Halafu joto. Baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikipata moto, na zile zisizostahimili zinaweza kuongeza kasi kwa mita 10 hadi 20 kwa sekunde joto likipanda kwa nyuzi 20. Pakiti iliyoachwa juu ya dashibodi saa nane mchana ni tatizo la shabaha, na ni la usalama pia. Bolti, yaani komeo la chemba, ikiwa ngumu kufunguka baada ya kupiga, au kitako cha ganda kikionyesha alama ya kung'aa, shinikizo limezidi. Weka risasi hizo kivulini, na usipige nyingine mpaka zipoe. Ikiwa bolti bado inagoma, pakiti hiyo haifai kwa bunduki hiyo.

Chanzo kinachonikera kwa kuwa kinaepukika kabisa ni kuchanganya pakiti. Shabaha ilirekebishwa kwa aina moja, mfukoni zipo aina mbili. Vichwa viwili vya uzito mmoja kutoka viwanda viwili vinaweza kuachana kwa upana wa kiganja kwenye mita 200.

Dalili: umepiga mbele au nyuma ya pale ulipolenga

Mtu wa pwani ana faida hapa. Amekulia kati ya kaskazi na kusi, anajua kuutazama upepo unaoinamisha minazi na kukisia nguvu yake. Lakini hajui unamgharimu kiasi gani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata ubavuni, kichwa cha greni 180 cha .30-06 kinasukumwa kama sentimita 20 kwenye mita 300. Kwenye mita 400 inakaribia 40. Umbali umeongezeka kwa theluthi, msukumo umekaribia mara mbili. Sentimita 40 zinakutoa mapafuni hadi tumboni.

Kichwa kinachopasua hewa vizuri hupunguza msukumo huo, wala hakiuondoi. Kama majani ya pale alipo mnyama yanainama upande mmoja na ya hapa ulipo yanainama upande mwingine, sogea karibu.

Dalili: ukungu wa kijani kwenye ganda

Ni chumvi ya bahari na jasho la mikono. Mifuko ya ngozi ndiyo mibaya zaidi kwa hili, kwa kuwa hutunza unyevu na ngozi yenyewe ina kemikali. Doa jepesi linalofutika kwa kitambaa kikavu halina neno. Likiacha shimo kwenye ganda, usiipakie. Usipake mafuta kwenye risasi ili kuzuia kutu. Mafuta yakiingia kwenye kiwashi risasi haitalia, na chemba yenye mafuta huongeza mgandamizo kwenye bolti.

Nyati hana masafa marefu

Naliweka peke yake kwa sababu halina dalili za kusubiri. Kwa nyati kiwango cha chini ni .375, na umbali wake ni chini ya mita 100. Mimi napenda chini ya 60. Mgeni akiniuliza kichwa gani cha kumpigia nyati mita 300, namjibu kuwa hakipo. Kipo kichwa kitakachomfikia. Lakini nyati aliyejeruhiwa ataingia kwenye kichaka, na watakaomfuata ni mfuata nyayo na askari wa wanyamapori, watu wenye watoto nyumbani. Kwa .375 H&H yenye kichwa cha greni 300, risasi ya kwanza iwe ya kuchanua yenye kiini kilichoshikizwa na koti, au ya shaba. Risasi ngumu isiyochanua iwe ya kufuatia, anapokuwa anakupa mgongo. Usianze na ngumu ndani ya kundi: inatoka upande wa pili na kumkuta wa nyuma yake, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea unamlipia kama aliyeanguka.

Na kwa wanaoulizia Saadani kwa kuwa ni karibu na Pangani na Bagamoyo: ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hakuwindwi. Mkomazi nayo ni hifadhi ya taifa, hakuwindwi.

Jinsi ya kujaribu kabla ya safari

Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, panga magazeti yaliyolowekwa usiku kucha, yakiwa yamefungwa kwa kamba, unene wa nusu mita na zaidi. Piga ukiwa mita 30, kisha piga ukiwa kwenye umbali mkubwa unaokusudia kuwindia. Wengi hufanya la kwanza tu, wanatoa uyoga mzuri wa kupiga picha, wanaridhika. Kichwa cha mita 30 kinakuonyesha kama kitavunjika. Cha mita 350 ndicho kitakachokuonyesha kama kitafunguka, na magazeti ni magumu kuliko mapafu, hivyo kikifunguka kidogo tu humo, porini hakitafunguka.

Vitoe vichwa, vioshe, uvipime. Mizani ya jikoni haitoshi. Mimi huvipeleka kwa sonara wa Ngamiani, hapa Tanga, mwenye mizani ya dhahabu inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mwaka uliofuata baada ya choroa yule, mgeni mwingine alikuja na .300 ile ile ya aina, greni 180 za kiini kilichoshikizwa. Tulivijaribu kwanza kwenye magazeti kwa umbali wote, wa karibu na wa mbali, kisha tukaweka kikomo cha mita 320. Choroa alipigwa mita 290, akaenda hatua kama sitini, akalala. Kichwa nilikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimechanua karibu mara mbili ya upana wake. Kwa sonara kilisoma gramu 9.6.